Meza ya Chama: Karameli, barafu na sinia moja la watu wote

Safu hii, kama mnavyoijua, huandikwa kwa ajili ya wapishi wenye jiko la kushirikiana, sufuria mbili na droo moja ya friza. Toleo hili linatoka wiki chache kabla ya sherehe yetu ya mwisho wa mwaka, na watu wameshaanza kuulizana nani ataleta nini. Sambusa zimepata mwenyewe. Mahamri yamepata wenyewe wawili, na hao wawili wameshaanza kushindana. Kitindamlo ndicho kilichobaki, na safari hii naomba tukifikirie vizuri zaidi ya siku zote.

Sababu ni hii. Katika chama chetu wapo wenzetu ambao hawali ngano kwa amri ya daktari. Hebu itazameni meza yetu ya kawaida: sambusa, chapati, mahamri, kaimati, visheti, tambi za sukari, keki ya mtu aliyekuwa na haraka akapitia dukani. Vyote hivyo ni ngano. Mwenzetu anakula pilau, anakunywa soda, halafu anasema ameshiba. Sisi nasi, kwa ukarimu tuliofundishwa majumbani, tunamsukumia sahani: "Onja japo kidogo, usituvunje moyo." Anakataa kwa heshima mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na mwisho anaona afadhali aende zake mapema. Mtu anaondoka kwenye sherehe ya lugha yake kwa sababu ya kaimati.

Leo basi tunatengeneza vitindamlo vya baridi vyenye karameli ya kupika wenyewe, visivyo na gluteni, ambavyo kila mtu atakula kutoka chombo kimoja. Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa sababu bila hivyo mapishi haya yataharibiwa na mwiko mmoja tu.

Ngano ina nini?

Gluteni ni protini iliyomo ndani ya ngano, shayiri na rai, ile nafaka ya mikate myeusi ya Ulaya. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika, na ndiyo inayoshika hewa ndani ya mahamri yakaumuka. Kwa wengi wetu haina neno. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, kinga ya mwili ikikutana na gluteni huanza kuushambulia utumbo mdogo wa mwenyewe. Vile vinyweleo vidogo ndani ya utumbo vinavyofyonza chakula hunyauka. Mtu anaweza kula vizuri na bado akakosa madini ya chuma, akapungukiwa damu, mifupa ikadhoofika, akachoka bila sababu inayoonekana. Wengine huumwa tumbo sana, na wengine hawasikii chochote huku madhara yakiendelea ndani. Hakuna dawa ya kuuponya. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Hapa Uingereza inakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila watu 100 anao, na wengi wao hawajajua. Ukumbi wetu ukijaa, hesabu hiyo si ya mbali.

Namna watu walivyogundua kwamba ngano ndiyo mkosaji ni habari inayofaa kujulikana. Madaktari walikuwa wameuelezea ugonjwa huu tangu karne ya 19, lakini hawakujua unaletwa na nini. Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha yakaja majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, vita vikiwa bado vinaendelea, na Uholanzi ikaingia kwenye njaa kali. Mkate ukaadimika. Watoto waliokuwa na ugonjwa huu, katikati ya njaa ile, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Dicke aliandika tasnifu yake mwaka 1950 akionyesha kwamba ngano ndiyo chanzo. Tangu hapo tiba ikajulikana, nayo ni sahani.

Sasa turudi kwenye lile neno letu "kidogo". Sheria ya hapa inasema chakula hakiruhusiwi kuandikwa kwamba hakina gluteni isipokuwa iwe haizidi miligramu 20 katika kilo nzima. Miligramu 20 haijazi hata ncha ya kijiko cha chai. Kwa hiyo chembe za mkate zilizobaki kwenye kisu cha siagi zinatosha kuleta madhara. "Kidogo" yetu na "kidogo" ya daktari hazifanani kabisa.

Jambo jingine ambalo nimelisikia katika jiko zaidi ya moja: "Moto utaua." Moto hauui kitu hapa. Gluteni si kijidudu, ni sehemu ya chakula chenyewe. Kuichemsha hakuiondoi, kuikaanga hakuiondoi, na kuigandisha hakuiondoi. Mafuta yaliyokaanga sambusa tayari yana ngano, na viazi vitakavyofuata humo vitatoka na ngano.

Kwa nini karameli, na kwa nini barafu?

Ukitaka kumpikia mtu asiyekula ngano una njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kitu cha ngano, mathalani keki, na kutafuta unga mwingine wa kuigiza. Njia hii inawezekana, lakini unga wa namna hiyo bei yake ni kubwa, keki hupukutika, na mwenye kuandaliwa hupewa kipande chake pembeni kilichofungwa kwa karatasi ya jaribosi kama mzigo wa posta. Njia ya pili ni kuchagua kitu ambacho tangu mwanzo hakikuwa na ngano. Hapo hakuna kuigiza, na hakuna sahani ya pembeni.

Sukari, krimu, siagi, tui, iliki, ndizi: hakuna hata kimoja chenye gluteni kwa asili yake. Karameli ni sukari iliyopikwa ikabadilika rangi. Tena si kitu kigeni kwetu. Kashata za njugu ni nini? Sukari inayeyushwa kwenye sufuria mpaka iwe rangi ya asali, njugu zinaingia, iliki inaingia, vinatandazwa upesi na kukatwa kabla havijagoma. Hiyo ndiyo karameli. Wengi wetu tumeila tangu utotoni kabla hatujalisikia jina lake kwenye matangazo ya chokoleti.

Friza nayo ina faida yake ambayo haisemwi. Kitu cha kugandishwa unaweza kukitengeneza siku tatu kabla, jiko likiwa safi, kabla hata pakiti ya kwanza ya unga wa ngano haijafunguliwa. Unakifunika, unakiandika jina, unakiweka ndani. Siku ya sherehe, wakati jiko zima limekuwa jeupe kwa unga wa chapati, chako kimekaa salama kwenye baridi, na hakuna mtu aliyekigusa.

Kabla ya kuwasha jiko

Futa meza kwa maji ya sabuni, si kwa kitambaa kikavu kinachohamisha vumbi la unga kutoka upande huu kwenda ule. Osha sufuria vizuri. Acha mwiko wa mbao ule wa zamani, kwa sababu mbao huwa na nyufa na nyufa huficha chakula. Tumia wa silikoni au kijiko cha chuma. Chekecheo lililochekecha ngano lisihusike. Fungua siagi mpya, kwani ile ya jikoni imeshapitiwa na visu vya watu wanne wenye mkate.

Kisha soma pakiti. Sheria ya hapa inataja vyakula 14 vinavyosababisha mzio, na watengenezaji wanalazimika kuvionyesha kwa maandishi yanayoonekana wazi kwenye orodha, aghalabu kwa herufi nzito. Tafuta ngano, shayiri, rai na oti. Oti yenyewe mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani, kwa hiyo chukua tu ile iliyoandikwa kwamba haina gluteni. Jihadhari na kimea cha shayiri, ambacho hujificha kwenye vyakula vya asubuhi na kwenye baadhi ya chokoleti. Aiskrimu ya karameli ya dukani inaweza kuwa na vipande vya biskuti au keki ndani yake. Hiyo ni sababu nyingine ya kutengeneza ya kwetu: orodha nzima ya vitu vyake inaenea kwenye kiganja.

Karameli ya msingi

Hii ndiyo mama wa mapishi yote ya leo. Unahitaji:

Sukari nyeupe gramu 200
Siagi gramu 90, iliyokatwa vipande
Krimu nzito mililita 120, iliyopashwa moto kidogo
Chumvi nusu kijiko cha chai
Iliki ya kusaga robo kijiko cha chai, ukipenda

Chukua sufuria pana yenye kitako kizito, isiyo nyeusi ndani, ili uione rangi. Mimina sukari itandae sawasawa, moto uwe wa wastani. Usiondoke. Simu iweke chumba kingine. Sukari itaanza kuyeyuka pembeni. Itikise sufuria taratibu ili iliyoyeyuka iikute ambayo haijayeyuka. Mabonge yakitokea yasikutishe, yataisha. Sukari ikishakuwa maji yote, itazame rangi: kwanza ya majani makavu, halafu ya asali, halafu ya kaharabu. Ikifika ya kaharabu, iko karibu na nyuzi 170 za selsiasi, na hapo ndipo pa kusimama. Ikipita hapo kwa dakika moja tu itakuwa chungu, na uchungu huo hauondolewi na chochote.

Punguza moto, tia siagi. Itafoka. Koroga. Kisha tia krimu kidogo kidogo huku unakoroga, nayo itafoka zaidi na kupanda, ndiyo maana nilisema sufuria iwe pana. Krimu ikiwa ya baridi kabisa itagandisha sukari iwe mawe, ndiyo maana nilisema ipashwe. Chemsha dakika moja, ondoa motoni, tia chumvi na iliki. Iache ipoe kwenye chupa safi ya kioo. Itakuwa nzito kadiri inavyopoa. Kwenye jokofu inakaa wiki mbili, mkiweza kuiacha.

Anayeogopa sukari kavu aweke vijiko vinne vya maji pamoja nayo na matone machache ya ndimu, achemshe bila kukoroga. Asidi ya ndimu inaivunja sukari kuwa sukari nyingine mbili ndogo, na hizo huizuia isirudi kuwa chembechembe. Njia hii ni ya polepole lakini ina huruma zaidi kwa anayeanza.

Tahadhari moja, nayo si ya mzaha. Sukari ya nyuzi 170 ina joto kuliko maji yanayochemka kwa mbali, na ikigusa ngozi inanata. Usionje kwa kidole. Vaa mikono mirefu. Ikikurukia, weka pale kwenye maji ya bomba yanayotiririka, baridi kiasi, kwa dakika 20; usiweke barafu, usipake siagi, usipake dawa ya meno, hata kama bibi kwenye simu anasisitiza. Na wale wenye tabia ya kuchemsha kopo la maziwa mazito likiwa limefungwa ili lipate rangi, nawaomba mwache. Maji yakikauka kopo linaweza kupasuka, na jiko letu ni la kushirikiana.

Kwanza: aiskrimu ya karameli bila mashine

Krimu nzito mililita 600
Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, kopo 1 la gramu 397
Karameli nusu ya ile tuliyopika, iliyopoa kabisa
Chumvi kiasi cha kushika kwa vidole viwili
Zafarani nyuzi chache zilizolowekwa kwenye kijiko cha maziwa ya moto, ukipenda

Bakuli na krimu viwe baridi. Piga krimu mpaka isimame kidogo, yaani ukiinua kipigio ncha yake inainama. Usiendelee mpaka ikawa siagi. Mimina maziwa ya kopo, chumvi na zafarani, changanya kwa kugeuza kutoka chini kwenda juu ili hewa isitoke. Weka nusu kwenye chombo chenye kifuniko, chirizia karameli, weka nusu iliyobaki, chirizia tena, kisha pitisha kisu mara tatu au nne kama unayechora mawimbi. Funika. Iache kwenye friza saa 6 au usiku kucha. Inatosha watu 12 wenye adabu.

Mtu atauliza: bila mashine ya kukoroga, kwa nini isiwe tofali la barafu? Mashine kazi yake ni kuingiza hewa na kuvunja vipande vya barafu vikiwa vidogo. Hapa hewa tumeshaiingiza tulipopiga krimu. Mafuta ya krimu yanaishika hewa hiyo, na sukari nyingi ya maziwa ya kopo inayazuia maji yasigande yote. Sababu hiyohiyo ndiyo inayoifanya karameli ibaki laini katikati ya baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri: ina sukari nyingi na mafuta mengi, maji yake ni machache. Ukila, ulimi unaikuta kama uzi wa joto ndani ya barafu.

Pili: barafu za tui na karameli

Hizi ni za wale wasiotumia maziwa. Nao ni wengi, na wapo pia wenye siliaki ambao utumbo wao, hasa mwanzoni kabla haujapona, hauyawezi maziwa.

Sukari gramu 150
Tui zito, makopo 2 ya mililita 400
Wanga wa mahindi vijiko 2 vya chakula
Chumvi kidogo
Iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai

Toa vijiko vinne vya tui, uvikoroge na wanga mpaka mabonge yaishe. Tui lililobaki lipashe moto. Yeyusha sukari kama mwanzo mpaka rangi ya kaharabu, kisha mimina tui la moto kidogo kidogo huku unakoroga. Sukari ikigoma na kuwa vipande, punguza moto uendelee kukoroga, itayeyuka. Tia ule wanga, koroga dakika mbili mpaka liwe kama uji mwepesi. Tia chumvi na iliki. Likipoa, mimina kwenye vikombe vidogo vya karatasi, vifunike kwa karatasi ya jaribosi, chomeka kijiti katikati ya kila kimoja, gandisha usiku kucha. Wanga kazi yake ni kulizuia tui lisitengane, mafuta juu na maji chini.

Waliokulia pwani, au waliopelekwa kwa bibi kila likizo, watazitambua: ni ndugu wa barafu za ukwaju na za ubuyu, isipokuwa hizi zimevaa nguo ya Idi.

Tatu: ndizi, kwa asiye na hela wala muda

Chukua ndizi mbivu nne, zile zilizoanza madoadoa ambazo duka linauza kwa bei ya kutupa. Menya, kata vipande, gandisha usiku kucha. Kesho yake zisage kwenye blenda pamoja na vijiko vitatu vya karameli na chumvi kidogo. Kwanza zitakuwa kama mchanga. Endelea, simamisha, sukuma chini, endelea. Ghafla zitageuka laini kama aiskrimu. Zile papo hapo. Kama karameli ni ya krimu, mwambie asiyetumia maziwa mapema.

Cha kula nacho

Aiskrimu inapenda kitu kikavu cha kuvunjika mdomoni, na hapa ndipo ngano hurudi kwa mlango wa nyuma. Koni za dukani ni ngano. Biskuti za kupondea juu ni ngano. Lakini sisi tuna vileja. Vileja vya Zanzibar hupikwa kwa unga wa mchele, samli, sukari, mayai na iliki, na hupukutika vizuri kuliko biskuti yoyote. Vile ambavyo bibi zetu walivipika miaka yote, vimekuwa tayari kwa ajili ya mgeni huyu kabla hajafika. Angalieni tu pakiti ya unga wa mchele, maana vinu vingine husaga mchele na ngano kwa zamu.

Mkate wa kumimina nao ni wa mchele na tui, na kipande chake kando ya aiskrimu ya zafarani si jambo la kukataa. Kashata za njugu zilizopondwa zinafaa sana, ila ziwekwe kwenye bakuli lake mbali, kwa kuwa kuna wenye mzio wa njugu. Halua ulizeni: ya wanga wa mahindi au wa muhogo ni salama, lakini kuna wanaotumia wanga wa ngano, hasa kwa zile zinazoletwa kutoka Oman. Ukiletewa na shangazi kutoka Maskati, kula kwa raha zako, lakini usimpe mwenye siliaki kabla hujapiga simu.

Siku yenyewe

Ukikubali kuleta kitindamlo, simamia mambo manne. Chombo kiwe na karatasi juu yake inayotaja kila kilichomo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kiwe na kijiko chake cha kuchotea, kisichoenda kutembelea keki. Kama kuna atakayeleta koni, ziwe mwisho kabisa wa meza, na aiskrimu ichotwe kabla ya kuzifikia. Na wenye siliaki waanze kuchota, kama vile tunavyowaanza wazee, halafu sisi sote tufuate.

Hilo la kufuata ndilo nisilotaka lipotee. Nisingependa tuandike "ya wagonjwa" juu ya chombo. Aiskrimu hii ni ya sherehe nzima. Mwaka 1837 mkemia wa Birmingham aliyeitwa Alfred Bird alitengeneza kastadi isiyo na mayai, kwa wanga wa mahindi, kwa sababu mkewe hakuweza kula mayai. Ilianza kwa ajili ya mtu mmoja wa nyumba moja. Leo kopo la kastadi ya unga liko kwenye makabati ya mama zetu, linatoka kila Idi, na hakuna anayelila kwa sababu ya maradhi. Linaliwa kwa kuwa ni tamu.

Kabla sijamaliza, kidogo kuhusu maneno, kwa kuwa walimu wetu hawatanisamehe nikiruka. Kueleza habari hii nyumbani kwa simu si rahisi. Ukisema "gluteni" utaulizwa kama ni dawa. Ukisema "mzio" utaambiwa utapita. Nimeona sentensi inayofanya kazi ni hii: "Ngano inamdhuru, hata chembe, na itamdhuru maisha yake yote." Na badala ya "onja japo kidogo", tujizoeze kumwuliza mgeni: "Wewe unakula nini, nikuandalie?" Sentensi hiyo ina ukarimu zaidi ya ile ya kwanza, na haimlazimishi mtu kueleza habari za utumbo wake mbele ya watu thelathini.

Karatasi ya kuandikisha vyakula imebandikwa kwenye ubao wa chama. Nimeongeza safu ya tatu: jina, chakula, na kama kina ngano au hakina. Nimejiandikisha kwa chombo kimoja cha aiskrimu ya karameli. Natafuta mtu wa barafu za tui, na natafuta sana mtu mwenye nafasi kwenye friza. Toleo lijalo, inshallah, ni vileja, hatua kwa hatua. Mwenye kipimo cha bibi yake, hata kama ni cha "mkono mmoja na nusu", aniletee tukipime kwa mizani pamoja.